Muhuri wa Mkuu wa Shule

Ndani ya basi la Luoyang, China, kwenye kiti cha mbele yangu, Orla, mgeni anayefundisha Kiingereza, alikuwa akimweleza mama muuza tofu aliyeketi naye kwamba kibali chake cha kuishi kinaisha kesho, na mkuu wa shule hataki kugonga muhuri kwenye barua ya kumruhusu ahamie shule nyingine.

"Mpelekee sigara, mwanangu."

"Nilipeleka, shangazi. Akavuta, akasema muhuri umepotea."

"Basi mlilie."

"Nililia Jumatatu."

"Jumatatu huwa hawasikii. Kamlilie tena."

Mke wangu alifia kwenye benchi la hospitali tukingoja muhuri wa kumhamisha. Wenye muhuri walikuwa wanakula.

Basi likasimama mbele ya shule. Orla akaanza kulia kabla mlango haujafunguka.