Maisha ya Emlyn Prosser, Mchekeshaji na Mwigizaji (1886–1948)

Kaka yetu mpendwa, marehemu Emlyn Prosser, alizaliwa Scranton, Pennsylvania, tarehe 9 Novemba 1886. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Ifor Prosser, mchimba makaa ya mawe aliyetoka Wales, na marehemu mama Hannah. Mimi ninayesoma, Gwladys, ndiye kitindamimba wao.

Alisoma shule ya mtaani kwetu hadi darasa la tano. Siku moja mwalimu wake, Bwana Ottwell, alimfuma akimwigiza anavyotembea na anavyokohoa. Akamwamuru arudie mbele ya darasa zima. Emlyn akarudia. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, kisha akamchapa viboko sita. Mama alipoziona alama alilia, naye Emlyn akamwambia, "Lakini mama, alicheka kwanza." Mwaka uliofuata, 1898, baba aliangukiwa na mwamba mgodini, na shule ikaishia hapo.

Alichambua makaa kwa miaka saba. Mwaka 1905 yeye na rafiki yake, Lon Dreisbach, waliingia katika kumbi za vichekesho, wakawa watu wa treni: Buffalo, Cleveland, Toledo, mji baada ya mji. Mchezo wao ulikuwa wa mafundi rangi wawili wanaogombania ngazi moja. Kila mara mwishoni Lon alijiachia kutoka juu, na Emlyn akamdaka kwa kanda za suruali zinazopita mabegani, Lon akabaki ananing'inia. Waliucheza miaka kumi na miwili.

Tarehe 6 Februari 1917, mjini Toledo, Emlyn alipanda ngazi akiwa amelewa. Mkono wake ukakosa. Lon aliangukia chini kwa wapiga muziki, akavunjika uti wa mgongo. Ukumbi mzima uliangua kicheko, kwani watu walidhani ndio mchezo wenyewe. Na Emlyn akawainamia kuwashukuru. Kwa kuinama huko hakuwahi kujisamehe.

Hospitalini Lon alimuuliza, "Walicheka?"

"Walicheka sana."

"Basi acha kulia, mjinga wewe. Hatujawahi kupata kicheko cha namna hiyo."

Lon hakutembea tena. Emlyn hakuonja pombe tena.

Tarehe 21 Juni 1919, huko Cleveland, alifunga ndoa na Bi. Rosetta Kimmel, mshonaji wa mavazi ya jukwaani. Kabla ya harusi alimweleza kwamba Lon angeishi nao. Rosetta akasema, "Haya. Wanaume wawili ndani ya nyumba, na vyombo ataosha nani?" Aliyeosha ni Emlyn, na ndiye aliyemwogesha Lon na kumgeuza kitandani, kwa zaidi ya miaka ishirini. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Maud.

Kumbi za vichekesho zilipofungwa moja baada ya nyingine, mwaka 1930 walihamia Los Angeles. Alionekana katika filamu zaidi ya mia moja: mlevi, mzika maiti, karani wa hoteli, yule mtu anayefungua mlango. Jina lake halikuwekwa hata kwenye bango moja. Mwaka 1936 alipewa nafasi kubwa kuliko zote, ya fundi rangi anayeanguka kutoka kwenye ngazi. Akaikataa. Lon akamfokea: "Umenikalia matanga miaka kumi na tisa, na mimi sijafa! Nenda kaanguke, bwana!"

Akaenda. Alianguka mara saba mpaka mwongozaji akaridhika, na watu wa studio walicheka kila mara. Aliporudi nyumbani alitapika uani. Filamu ilipotoka, walikwenda kuitazama wote watatu, yeye, Rosetta, na Lon kwenye kiti chake cha magurudumu. Wakangoja mpaka taa zikawashwa. Kipande kile kilikuwa kimekatwa. Lon alisema tu, "Twendeni zetu." Lon alifariki Agosti 1940.

Mwaka 1946 marehemu alipatwa na saratani ya koo. Upasuaji ulimwondolea sauti, na studio zikaacha kumwita. Majuma ya mwisho hakuweza kumeza hata mchuzi. Nilipokuja kumuuguza nilimsomea nilichokuwa nimeandika kwa ajili ya leo. Akachukua penseli, akaandika: "Toledo iko wapi?"

Nikamwambia, "Kaka, watu watakuja kukuaga, si kukuhukumu."

Akaandika tena, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka: "Isome."

Alifariki nyumbani kwake, Jumatatu tarehe 3 Mei 1948, saa nne asubuhi, Rosetta akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Bi. Rosetta, binti yake, Maud, mkwe wake, Bwana Alvah Teasdale, mjukuu mmoja, na mimi. Yupo pia Bi. Verena Dreisbach, dada yake Lon, ambaye tangu Toledo hakumwandikia marehemu hata salamu. Amefika juzi, baada ya siku tatu ndani ya treni. Tulipomuuliza tumwandike kama nani katika ratiba hii, alisema, "Andikeni dada wa marehemu."

Mungu ampumzishe Emlyn. Alikuwa amechoka.