Mama Majani, Aliyekula Kwanza

Sogeeni, jamani, mlio nje ingieni kivulini, wenye simu zizimeni kidogo, wenye watoto wapeni cha kutafuna, maana sauti yangu imezeeka na nitakayoyasoma sitayarudia. Mimi ni dada yake mkubwa, darasa sikuliona, herufi hizi alinifundisha marehemu mwenyewe kwa vibandiko vya makopo yake ya mbegu, kwa hiyo nikikwama mlaumuni mwalimu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa kitinda mimba wa baba yetu mfua vyuma, akaanza shule Januari 1959, akamaliza darasa la saba Novemba 1965, na mwaka 1968 akaajiriwa kiwanda cha sare, meza ya vifungo, hadi kilipofungwa Juni 1981. Jumamosi tarehe 9 Septemba 1972 alifunga ndoa na shemeji yangu mchomeleaji, huyo hapo mwenye kofia mkononi, wakajaliwa binti mwaka 1973, na wana wawili, 1976 na 1979.

Kiwanda kilipofungwa wenzake walikaa wakilia, yeye akainama, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame, akapanda mchicha kwenye matairi mabovu na viazi kwenye magunia, kunde zikapanda nguzo za kamba ya nguo, maji ya kuoshea vyombo yakapewa kazi ya pili, maganda yakarudi udongoni, na kilichokosekana uani alikifuata kando ya reli, mnavu, mchunga, na matunda yasiyo na mwenyewe. Shemeji akinung'unika kwamba analishwa kama mbuzi, alijibiwa, "Mbuzi hajawahi kulala njaa, mume wangu, kula."

Sasa nafika penye mwiba. Jumapili tarehe 16 Mei 1982, katika sufuria ya mnavu uliochumwa kando ya reli mlikuwa na machipukizi ya mnanaha, gugu lenye sumu, na kabla ya jua kuzama shemeji alikuwa akizungumza na ukuta, na yule mdogo wa miaka mitatu akalala wodini siku nne bila kumtambua mama yake. Alipona, ndiye fundi bomba aliyesimama mlangoni pale, lakini mama mkwe alisema mbele ya mtaa mzima, "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, huyu arudi kwao kabla hajanimalizia ukoo," na mdogo wangu akajibu neno moja tu, "Nilichuma mimi, mama." Shemeji hakumfukuza, na hakuuliza.

Tangu hapo kila alichookota alikila yeye kwanza, sahani nzima, saa nne asubuhi, kisha akakaa kwenye benchi la mlangoni akishona vifungo hadi saa tisa, watoto wakimtazama machoni, ndipo wapakuliwe. Muuza vitunguu wa ng'ambo ya barabara akageuza jambo hilo kuwa salamu, "Mama Majani, bado upo?" naye akamjibu, "Nipo, lete sahani," na yule, "Aa, dada, ngoja kwanza nione kama utafika jioni!" Walitaniana hivyo zaidi ya miaka arobaini.

Binti yake ameniomba niyasome haya yanayofuata, na baba yake ameyasikia juzi kwa mara ya kwanza. Siku ile mama alikuwa kwenye cherehani, aliyechuma ni binti, wa miaka tisa, na alipotaka kusema, mama yake alimziba mdomo kwa kiganja, "Nyamaza, mwanangu, wewe mabega yako bado madogo." Binti hakuchuma tena hata jani moja, mboga zote akanunua sokoni, na mama yake kila mwaka alimwambia, "Mwanangu, siku utakayochuma, mimi nitakula."

Oktoba 2023 alianza kuvimba miguu, ikaonekana ni moyo, akalazwa tarehe 3 Machi 2025, akamuuliza muuguzi kama ule mchicha wa nyuma ya wodi umepigwa dawa, na Jumanne tarehe 11 Machi, saa kumi na moja alfajiri, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika, wenzake wa meza ya vifungo mliofika mkitembelea fimbo, na muuza vitunguu aliyefunga kibanda siku nne. Shemeji, wewe pia tunakushukuru, hukumrudisha kwetu.

Makopo ya mbegu ameachiwa mjukuu mkubwa, matairi na magunia ya uani ni ya mwanawe wa kati, ndoo za maji ya kazi ya pili ni za fundi bomba, cherehani nimepewa mimi, nitajifunza. Benchi aliliacha bila jina. Jana, siku ambayo angetimiza miaka sabini na minne, binti yake alikwenda kando ya reli na kikapu, akachambua jani kwa jani, akapika, akala sahani nzima saa nne, akakaa pale mlangoni, na baba yake akatoka akaketi kando yake. Muuza vitunguu akavuka barabara, akasimama, kisha akauliza, "Bado upo?"

"Nipo," binti akasema, "lete sahani."

Saa tisa tukapakua. Pumzika kwa amani, mdogo wangu, watoto wamekula.