Elihuruma, Aliyempa Steringi Sauti Hapa Sakina

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Elihuruma binti Anaeli anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kutafsiri filamu katika ukumbi wetu wa video hapa Sakina. Anayeandika ni mfanyakazi mwenzake wa mlangoni, mkata tiketi na mkaanga maandazi, ambaye pia ndiye aliyemzaa. Kamati ya sherehe walitaka mtu anayemfahamu vizuri. Basi wamempata.

Alipoanza, wanaume waliguna kuona mwanamke ameshika maiki. Waliguna dakika chache tu. Siku hiyo ilionyeshwa ile filamu ya zamani ya Hollywood, isiyo na rangi, ya jamaa mwenye masharubu membamba anayenyang'anywa shamba na gavana, akageuka mteka meli. Jina lake la Kizungu lilikuwa gumu, Elihuruma akamwita Solomoni wa Usa River, na shamba likawa la migomba. Sauti ya filamu ilizimwa, ikabaki ya mwanangu: nzito kwa Solomoni, ya puani kwa gavana. Tangu hapo filamu ile imerudiwa kila mwaka, na Solomoni akitokea, watu wazima wanamwitikia, "Karibu baba!" Mtafsiri gani mwingine Arusha hii amefikia hapo? Mimi sijamsikia.

Yule steringi mwenyewe, mwigizaji aliyekuwa shujaa wa filamu, alifariki Elihuruma hajazaliwa. Juzi nimemwangalia tena kwa makini. Ni mzuri, sikatai. Anabembea na kamba kutoka meli hadi meli, shati jeupe halichafuki, anatabasamu upanga ukiwa shingoni. Lakini maneno yaliyowaliza watu wa Sakina ni ya mwanangu.

Mwaka jana koo likaanza kumsumbua. Daktari akaona vinundu kwenye nyuzi za sauti, akasema afanyiwe upasuaji, na kabla ya hapo asitafsiri, asipaze sauti, hata kunong'ona asinong'one. Akijilazimisha, sauti inaweza isirudi kabisa. Ndiyo maana anastaafu sasa.

Jumamosi iliyopita tukamfanyia onyesho la kumuaga. Tulikubaliana Solomoni aachiwe sauti yake ya Hollywood, na Elihuruma akae kiti cha mbele, atulie. Fundi mitambo wetu, Frederick, akafungulia sauti. Kikatoka Kizungu chembamba, cha haraka haraka.

"Huyu nani tena?"

"Frederick, mzime huyo! Tuletee Solomoni!"

Wakavumilia kwa manung'uniko hadi mapigano ya mwisho kwenye ngazi za ngome. Hapo wakaanza kupiga miguu chini. Frederick akazima sauti. Mzee Lemomo, aliyetoka mbali ng'ambo ya mlima, akasimama na fimbo yake. "Binti yangu, tunakuomba. Sentensi moja tu, tukalale nayo."

Elihuruma akainuka. Akachukua maiki.

Mimi nikaepua karai nikakimbilia ndani. Nimemsikiliza mtoto huyu miaka yote kupitia mlango ule, najua akijaza kifua namna ile ni sauti ya Solomoni inakuja, ile nzito, inayokwaruza koo kuliko zote. Kwenye skrini upanga wa Solomoni ukaruka ukaanguka chini. Gavana akamwelekezea wake kifuani. Hapo ndipo Solomoni humjibu gavana, lile neno ambalo watu hulisubiri kila mwaka.

"Elihuruma, nipe."

Akatikisa kichwa.

"Nipe, mwanangu."

Alimtazama Solomoni, akanitazama mimi. Mdomo ulikuwa wazi. Nikasema moyoni, Mungu wangu, akilitoa hilo neno tumempoteza. Kisha akashusha pumzi yote bila sauti, akaniwekea maiki mkononi kwa mikono yake miwili. Niwaambie ukweli, kustaafu kwake kulikuwa pale, hii sherehe ya tarehe 30 ni ya kukata keki.

Sasa ninayo maiki, na maneno yote yamenitoka. Solomoni akasema alichojaliwa: "Wewe gavana, huna aibu? Mama yako anajua unavyonyang'anya watu mashamba? Rudisha, kabla sijamwita!"

Ukumbi ulilipuka. Mzee Lemomo akapiga fimbo chini, "Mwambie, mama! Mwambie!" Solomoni akaokota upanga, gavana akaporomoka ngazi zote, nami nikampa pole. Elihuruma alicheka kwa mabega tu, mikono mdomoni, machozi yanamtiririka, na sauti haikutoka hata kidogo. Hiyo ndiyo nidhamu ya kazi niliyomlea nayo.

Wageni waalikwa, upasuaji ni wiki ijayo. Kwa hiyo leo, tunapokata keki, asiombwe hotuba. Ukimpa shikamoo, ataitikia kwa kichwa, usiseme anaringa.

Mwanangu, Sakina nzima inakushukuru kwa kicheko na machozi uliyotupa. Nenda kapone, kaa chini ule ulichopikiwa, na Mungu akupe uzee mtulivu wenye afya. Na siku atakayokuruhusu daktari kusema, neno la kwanza ni la kwangu. Wengine wote wapange foleni.

Mama yako mzazi,
Nsianeli, wa mlangoni