Dada Yetu na Meza Yake ya Jumamosi

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Meza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkewe, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha baba.

Alisoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1976. Alifaulu, lakini mama alikuwa mgonjwa, akabaki nyumbani kutulea.

Mwaka 1981 aliajiriwa kuwa mpishi katika kantini ya kiwanda cha sabuni, akafanya kazi hapo miaka thelathini na sita. Huko ndiko alikojifunza kwamba mwenye tonge mdomoni huchelewa kujibu, na anayechelewa kujibu husikia.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na dereva wa lori. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2004 alianza kuandaa meza uani, kila Jumamosi mchana, kwa majirani waliokosana. Sharti lilikuwa moja: aliyekosewa anasema, anayelaumiwa anatafuna. Fundi bomba na mshonaji hawakuwa wamesalimiana kwa miaka minne, sababu ya maji ya paa. Mshonaji alipoanza kueleza, fundi bomba akataka kumkatiza. Dada akamwongezea kiazi.

"Tafuna kwanza, shemeji."

"Mama Meza, hiki cha tano!"

"Na mwenzako hajamaliza."

Watu walicheka. Alipomeza, fundi bomba aliuliza polepole, "Kumbe maji yalikuwa yanafika hadi kitandani kwa mtoto? Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, baba. Ulikuwa unafoka."

Kesho yake fundi bomba alipanda ngazi akaugeuza mfereji wa paa lake. Hivyo ndivyo watu wa mtaa huu walivyoanza kuachiana funguo na watoto.

Februari 2023 dada aligundulika kuwa na kifua kikuu. Alikunywa dawa bila kukosa. Aprili daktari alimwandikia barua kwamba haambukizi tena. Akaibandika getini, akaandaa meza ya watu tisa. Hakuja mtu. Mmoja alipaza sauti kutoka barabarani, "Leo tumeshiba, dada!" Jumamosi ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Ya nne alikwenda mdogo wake, huyu anayesoma haya, lakini alibeba sahani yake kutoka nyumbani. Dada aliiona. Akampakulia humo humo. Mdogo wake alikula harakaharaka, akaaga.

Mapafu yalikuwa yameharibika sana. Alifariki Jumatano, tarehe 9 Agosti 2023, saa nne asubuhi, mabinti wake wakiwa wamemshika mikono. Hadi siku ile alikuwa akiuliza kama kuna aliyebisha hodi. Leo mmejaa hadi barabarani. Familia inawashukuru kwa kuja. Yeye angependa mngekuja Aprili.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, mdogo wake mmoja, na nyumba tisa zinazosalimiana kwa sababu yake.

Apumzike kwa amani, mahali ambapo woga wetu haumfikii.