Aliyefungua Filamu Laki Moja Bila Kuwasha Taa

Ijumaa ya tarehe 29 mwezi huu, saa kumi jioni, mkuu wetu wa chumba cha giza atavua koti lake la buluu lenye madoa ya dawa, atalitundika kwenye msumari wake, na atastaafu. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na sita na miezi mitano ya utumishi katika maabara hii ya picha. Kwenye faili lake ofisini ana majina matatu kamili, lakini humu ndani hakuna anayeyatumia. Kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, wote tunamwita Shangazi, na huyo mlinzi amemzidi umri.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nimefanya naye kazi miaka ishirini na miwili, na sehemu kubwa ya miaka hiyo sikumwona. Msishangae. Mahali tulipofanyia kazi hapaonekani kitu.

Kwa wenzetu mlioajiriwa baada ya simu kuanza kupiga picha, nieleze kidogo. Filamu huletwa ikiwa ndani ya mkebe mdogo wa bati unaoenea ngumini. Ili picha zisafishwe, sharti mkebe ufunguliwe, filamu itolewe, izungushwe kwenye kigurudumu chake, kisha ifungiwe ndani ya kopo lisilopitisha mwanga. Hapo ndipo taa huwashwa. Kabla ya hapo ni giza totoro, giza ambalo ukifumba macho na ukiyakodoa unaona kilekile. Mwanga ukipenya kwa nusu sekunde tu, harusi ya mtu imekwenda, na maji yakimwagika hayazoleki.

Chombo cha kufungulia mkebe ni kipande cha chuma, kirefu kuliko kidole cha kati kwa kucha moja, chenye mdomo uliopinda. Wageni hudhani ni opena ya soda, na kusema kweli vimefanana kama ndugu wa baba mmoja. Hakina betri, hakina skrubu, hakina kitabu cha maelekezo. Unakamata ukingo wa kifuniko kwa ule mdomo, unabinya kidogo, kifuniko kinachomoka. Mkebe una pande mbili: mmoja una kishina kinachojitokeza, wa pili ni bapa, na unaofunguliwa ni huo bapa. Mchana kweupe, mtoto wa darasa la tatu anaweza. Mimi siku yangu ya kwanza gizani nilihangaika robo saa nzima upande wa kishina, jasho likinichuruzika, naye Shangazi akinisikiliza. Mwishowe akasema, “Mdogo wangu, hapo unapopiga hodi ni ukutani.”

Yeye mwenyewe alianzia mapokezi, akiwa na miaka ishirini na minne, akiandika majina ya wateja kwenye bahasha. Fundi wa chumba cha giza wa wakati huo alianguka akavunjika kiwiko, na Shangazi akaombwa ashike nafasi yake kwa wiki mbili. Wiki mbili zenyewe ndizo zinazokwisha Ijumaa.

Siku ya nne ya wiki hizo aliharibu filamu. Nalisema hili kwa idhini yake, maana yeye ndiye humwambia kila mwajiriwa mpya kabla hajamwambia jina la kitu chochote. Alikuwa ameshafungua mkebe, filamu i mkononi, kifungulio kikamponyoka na kulia sakafuni. Akafanya ambalo yeyote angefanya chombo kikianguka: akawasha taa akitafute. Alikipata mara moja, kilikuwa chini ya sinki. Picha za mahafali ya mtu, mtu aliyesoma kwa taabu hadi kufikia siku ile, zikawa nyeusi tii kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakumtuma tarishi. Alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa mwenye filamu, akasema mbele ya familia yake kwamba ni yeye.

Ile filamu nyeusi angali ameitundika karibu na mlango. Siku ya pili yake alikifunga kifungulio kwa kamba ya kiatu kwenye mguu wa meza, kisha akachukua kasha tupu la sabuni akalibandika juu ya swichi ya taa. Alisema mkono una haraka zake, hauulizi akili. Basi ukikimbilia swichi ukutane na sabuni kwanza, upate muda wa kuona haya. Kuanzia hapo ikawa sheria pia kwamba gizani kila mtu hutaja mkono wake kabla ya kuusogeza. “Mkono wangu unakwenda kwenye mkasi.” “Mkono wangu umeshika kopo.” Mpita njia akisimama nje ya mlango wetu angedhani ndani kuna watu wanaokariri somo.

Madaftari ya maabara yanaonyesha kwamba tangu hapo amefungua filamu zaidi ya laki moja. Iliyoharibiwa na mwanga mikononi mwake ni ileile moja. Nimehesabu mara mbili, kwa kuwa nilijua mtasema natia chumvi. Nyuso za mji mzima zilipita katikati ya vidole vyake kabla hazijaonwa na mtu, na wakati huo yeye mwenyewe hakuziona, alizigusa tu ukingoni.

Bila shaka giza limemwachia tabia zake. Mumewe, fundi seremala, analalamika kwamba mkewe akitoka sebuleni huzima taa hata kama watu bado wamekaa. Hapa ofisini umeme ukikatika, jengo zima hupiga kelele, kisha husikika kikombe kikitua kwenye kisahani: Shangazi anaendelea na chai yake. Siku moja aliwashika mkono wahasibu wanne, mmoja nyuma ya mwenzake, akawashusha ngazi ghorofa mbili huku akiwakanya wasimkanyage visigino. Mhasibu mkuu amekana habari hii. Mimi nilikuwa wa tano kwenye msafara.

Lakini lililonifanya nimwogope, kwa maana ile nzuri ya kuogopa, lilitokea miaka sita iliyopita, asubuhi ya siku ya kazi kama nyingine.

Alikuja mama mmoja, fundi cherehani, akafungua leso juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na mkebe wa filamu wa zamani sana, kutu imeula hadi kifuniko kimeshikana na bati. Baba yake alikuwa amefariki mwaka ule, naye akaukuta chini ya sanduku la vifaa vya marehemu. Mama yake alikufa yeye akiwa na miezi minane, na picha zote za nyumbani zilichukuliwa na mafuriko. “Nina miaka hamsini na miwili,” alituambia. “Watu husema nimefanana na mama. Mimi sijui hata alikuwa na pua ya namna gani.”

Shangazi aliuzungusha ule mkebe mkononi kwa muda mrefu. Filamu ya umri ule hukauka, hukatika kama jani. Mkebe ukibinywa kwa nguvu ungeponda kilichomo, na usipobinywa usingefunguka. Hakumpamba yule mama kwa maneno. “Dada yangu, siwezi kukuahidi sura,” alisema. “Nakuahidi kwamba mwanga hautaingia.” Fundi cherehani akaenda kuketi kwenye benchi la wateja, leso tupu mapajani.

Tuliingia wawili, kwa sababu kazi ile ilihitaji mikono minne. Mimi niliushika mkebe, yeye akashika kifungulio. Taa ikazimwa. Mdomo wa chuma ulikamata, ukateleza. Ukakamata tena, ukateleza. Basi akaacha kubinya, akaanza kuuzunguka ukingo, akiinua kidogo, anasogea, anainua kidogo, na kila mzunguko ukikamilika anaanza upya. Nilisikia kutu ikidondoka kwenye trei, chembe moja moja. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, lakini mimi si simba. Vidole viliniuma, mgongo uliniuma, nikaanza kuomba dua za kila aina. Yeye alikuwa anapumua tu. Baadaye nilitazama saa nikakuta tulikaa mle saa mbili na dakika arobaini.

Kisha kifuniko kikatoka, kikalia kwenye trei. Hapo, jamani, furaha ilinipanda kichwani. Miaka kumi na sita ya kazi yote nikaisahau. Mkono wangu uliondoka mezani bila kutajwa, ukaenda ukutani kama uliotumwa.

“Mkono wako uko wapi?” akauliza Shangazi.

“Kwenye sabuni,” nikajibu.

“Urudishe mezani.”

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Mpaka leo sijui alijuaje. Kama alisikia shati langu, au upepo wa mkono, au alinijua tu kunizidi mimi mwenyewe, hajawahi kuniambia. Nilirudisha mkono, nikijua kwamba nusura nimzike mama wa watu mara ya pili.

Aliizungusha ile filamu kavu kwenye kigurudumu kwa subira ileile, akafunga kopo, akaniambia niwashe. Mwangani ndipo nilipoona kucha zake mbili zinavuja damu. Alizisuuza, akaenda kuchanganya dawa.

Picha za mwanzo hazikuwa na kitu, ukungu mtupu. Zilizofuata zilikuwa na mwanamke, na katika kila moja mwanamke ameweka mkono wa kushoto mbele ya uso. Hakutaka kupigwa picha. Mkono, mkono, kisogo, mkono tena. Shangazi alipita juu ya kila moja na lenzi yake, nami nilikuwa nimeshakata tamaa. Kwenye picha ya kumi na tisa aliinua kichwa, akaniambia nikamwite mgeni.

Tulimsimamisha mbele ya trei, chini ya taa nyekundu ambayo karatasi ya kuchapia haiiogopi. Karatasi ilikuwa nyeupe ndani ya dawa. Zikaanza nywele, yakaja macho, ikaja pua, halafu mdomo uliokuwa unacheka. Mkono ulikuwa chini kwa sababu umemshika mtoto aliyetaka kuteleza mapajani. Fundi cherehani hakulia. Aliuliza, “Na huyu mtoto ni nani?” Shangazi akamwambia, “Si wewe?” Yule mama akacheka, na alipocheka akainua mkono akaziba uso, vilevile, kwa mkono uleule wa kushoto. Mimi ndiye niliyelia. Shangazi alinipa taulo la kukaushia trei.

Mwezi uliopita fundi cherehani alisikia kwamba Shangazi anastaafu, akaja kuomba picha yake. Alitaka kuiweka ukutani kwake karibu na ya mama. Tukasema hilo ni dogo, hii si maabara ya picha? Tukafungua albamu zote za shirika: sherehe, mikutano, michezo, wageni wa heshima. Miaka thelathini na sita na Shangazi hayumo. Wakati wote sisi tulipokuwa tunapanga mistari na kutabasamu, yeye alikuwa ndani akingoja filamu iletwe. Kiwiko chake tumekipata, kwenye picha moja, akiwa amebeba sinia. Hata kitambulisho chake cha kazi ni cha zamani mno, picha imefutika.

Fundi cherehani alitutazama mmoja mmoja. “Shangazi wenu ana wajukuu wanne,” alisema. “Mnangoja nini?” Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuuliza.

Shangazi alikataa kupigwa picha kwa siku tisa. Siku ya kumi alikubali kwa masharti mawili: apigwe kwa filamu, na filamu hiyo niifungue mimi, peke yangu. Alikifungua kifungulio kutoka kwenye kamba, akanikabidhi, akatoka akaenda kuketi kwenye benchi la wateja.

Nimefungua maelfu ya filamu, lakini daima alikuwapo pembeni yangu akipumua. Safari hii nilizima taa na hapakuwa na pumzi ya mtu ila yangu. Nilipapasa mkebe. Mle ndani ndimo alimokuwa, yeye mzima, na pengine asingekaa tena mbele ya kamera. Niliutaja mkono wangu kwa sauti ingawa hapakuwa na wa kunisikia. Nikatafuta upande bapa, nikakamata ukingo, nikabinya.

Baada ya kusafisha, nilimwita aje kwenye taa nyekundu. Alisimama mahali ambapo nyuso zote zile zimemjia, akaikunja mikono asiiguse trei. Nywele zikaja, yakaja macho, ukaja mdomo wake uliobana kicheko. Aliangalia kwa muda mrefu sana. Kisha akasema taratibu, “Kumbe ndiyo sura mliyokuwa mnaisalimia kila asubuhi.”

Ndiyo hiyo, Shangazi, na tumeichapa juu ya ukurasa huu ili kila mtu aione. Asante kwa watu wote uliotutolea gizani wakiwa salama. Nenda kapumzike, uishi miaka mingi yenye afya na heri, wewe na wa kwako. Na tunakuomba jambo moja: wajukuu wakija na simu zao wakitaka kukupiga picha, usiinuke kwenda kuwapikia chai. Kaa, wakuone.