Kuchemka kwa Trekta la Mheshimiwa Mwiche

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Lackson Mwiche, mfanyabiashara wa samaki wa Kashikishi na mfadhili wetu. Mwenyekiti wa komite, Tata Jean-Claude. Wachungaji na wazazi. Na wewe Mama Fidélie, dereva wetu, uliyeambiwa usimame nyuma kabisa:

Kukukaribisha

Sisi wakulima wa Bloki ya Mashariki ya makazi haya ya wakimbizi tuna furaha kukuona, Mheshimiwa. Furaha hiyo ni ya kweli, maana tangu asubuhi tumeagizwa tuwe nayo. Tunasoma kwa Kiswahili, tulichovuka nacho kutoka Kongo, kwa sababu tunajua unakisikia vizuri. Ndicho unachotumia kushushia bei unaponunua samaki kwa wenzetu wa ng'ambo ya ziwa.

Historia

Kila mwaka mvua zikiisha, majani ya hapa humfikia mtu mabegani, kisha hukauka, kisha huja moto. Mwaka jana moto ulikula nyumba nne za nyasi, na moja ilikuwa ya Mama Fidélie. Ulipopata habari ulituletea trekta dogo lenye mashine ya kukatia majani, ili tufyeke ukanda mpana kuzunguka bloki, moto ukifika ukose cha kula. Tunakushukuru, na hapa hatutanii.

Siku ya kulikabidhi uliliendesha mwenyewe hatua kumi na mbili, mpiga picha akirudi kinyumenyume mbele yako. Ndipo komite ikaleta kaliko, yaani bango pana la plastiki lenye sura yako, ikalifunga kwenye pua ya trekta. Kwetu zawadi ya mkubwa huvaa sura ya mkubwa, na sura hiyo hukaa mbele. Kuiweka nyuma ni matusi, na kuiondoa ni mabaya zaidi. Kwa hatua kumi na mbili hakukuwa na tatizo lolote.

Mafanikio

Mafanikio ni mengi. Trekta limepigwa picha nyingi. Limeombewa mara tatu, ingawa injini bado haijaokoka. Limeundiwa kamati ndogo ya uchunguzi, ambayo imekula kuku wawili. Majani yaliyokatwa ni robo ya yanayotakiwa.

Changamoto

Mama Fidélie aliendesha trekta miaka sita kwenye mashamba ya karibu na Pweto, kabla vita havijatuvusha huku. Siku ya kwanza ya kazi, baada ya dakika ishirini, aliona mshale wa joto umeingia kwenye nyekundu. Akazima. Mwenyekiti akamwambia afungue kifuniko cha rejeta haraka amwage maji baridi. Akakataa, akangoja nusu saa injini ipoe, kwa sababu mvuke ule ungemchuna uso. Kukataa huko kumeandikwa kama kosa lake la kwanza.

Lilipopoa akaongeza maji, akabonyeza mkanda wa feni kwa kidole, akaukuta umekaza vizuri. Akasafisha rejeta iliyojaa vumbi la majani kwa brashi, kisha kwa maji ya polepole, ili asipinde mapezi yake. Akanoa visu. Akainua mashine ya kukatia, akakata majani kwa awamu mbili, juu kwanza, chini baadaye, akienda taratibu na kuanza kazi saa kumi na mbili asubuhi. Dakika ishirini zikawa thelathini na tano.

Hapo ndipo alipokwenda mbele ya komite. "Mashini haiko mugonjwa, ba tata," alisema. "Inakosa mupepo. Mutoe ile kaliko, itatumika muzuri."

"Sura ya mukubwa haitolewake," akajibu Mwenyekiti. "Sema tu kama kazi imekushinda."

Aliumia. Sisi tuliumia naye, kimyakimya, kama ilivyo desturi yetu.

Mheshimiwa, wiki mbili zilizopita upepo wa ziwani ulikata kamba za kaliko upande mmoja, likaning'inia pembeni. Mama Fidélie alikata majani kutoka kisimani hadi kanisani bila kupumzika, saa nzima na zaidi, na mshale ulikaa katikati. Sote tuliona. Komite nayo iliona, ikachukua hatua siku ileile. Kaliko likashonwa upya kwa uzi wa nyavu, mara mbili, na trekta likachemka tena kesho yake.

Kamati ndogo imehitimisha kwamba tatizo ni dereva. Barua ya kumwondoa iko mbele yako, chini ya chupa ya soda. Kiti atapewa Willy, shemeji yake Mwenyekiti, ambaye ana uzoefu mkubwa wa kupanda pikipiki akiwa abiria.

Maombi

Ombi la kwanza ni kwamba usiisaini barua hiyo. Mwezi wa moto umeanza, na majirani zetu wa Chienge tayari wanaona moshi. Mama Fidélie amejenga tena nyumba yake palepale, ndiyo ya mwisho kabla ya majani. Akitolewa kwenye kile kiti, atakaa mlangoni akingojea moto huku trekta limeegeshwa.

Ombi la pili ni la kaliko. Tunajua uso wako unastahili kukaa mbele, nasi tutautafutia mahali pa heshima pasipo na injini. Lakini hakuna mmoja wetu anayethubutu kuligusa. Mama Fidélie akiligusa, itaandikwa barua nyingine. Kwa hiyo tumeleta wembe, uko kwenye sahani mbele yako, umefunikwa kwa kitambaa safi. Trekta liko nyuma ya kiti chako, limepoa. Tunakuomba usimame, ukate uzi kwa mkono wako mwenyewe, kisha umwite dereva wetu kutoka kule nyuma. Sisi tutangoja. Hatutapiga makofi kabla ya hapo.

Mungu akulinde barabarani, akuzidishie samaki, na akujalie upepo wa kutosha usoni.

Ni sisi,
Wakulima wa Bloki ya Mashariki, Nchelenge
Imesomwa na Germaine, katibu, kwa idhini ya wote isipokuwa komite