Mguu wa Nne wa Kreni ya Kelderby

Benchi la stesheni ya Kelderby limewekwa mwisho kabisa wa jukwaa, mahali ambapo abiria wa treni ya watalii hawafiki, nalo linatazamana na reli ya pembeni inayokaliwa na kreni ya mvuke. Kila Jumatano, ifikapo saa nne na nusu asubuhi, wazee wanaojitolea kuitunza reli hiyo huweka spana chini na kuja kunywa chai. Katikati huketi Mavis Sugden, aitwaye Birika kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kugusa birika ila yeye. Kushoto kwake huketi Clement Raistrick, aitwaye Mashaka, ambaye hata ratiba ya treni huisoma mara mbili akitafuta walichoficha ndani yake. Kulia huketi Enoch Tordoff, aitwaye Ribiti, kama msumari wa kuungia vyuma, mtunzaji wa kreni kwa miaka ishirini, na hakuna mwingine anayeitia mkono. Pembeni, upande wa Mashaka, penye kivuli kidogo na nafasi ya kuwekea daftari, huketi Wilfred Oldroyd, mhandisi mstaafu mwenye shahada mbili, ambaye kwa hesabu zake walimpa jina la Rula.

Jumatano hiyo Rula hakuwa amegusa chai yake. Gotini alikuwa na karatasi yenye maneno ya kibao kitakachosimamishwa kando ya kreni, na fundi wa vibao angekuja kuichukua saa sita kamili. Karatasi ilikuwa na sentensi kumi na moja. Kumi hazikuwa na ubishi: kreni iliundwa mwaka 1939, uwezo wake ni tani thelathini na sita, kazi yake ilikuwa kuinua injini na mabehewa yaliyoacha njia. Sentensi ya kumi na moja ilisema kwamba Februari 1955, katika bonde la Haggdale, kreni ilipinduka kwa sababu dereva wake hakutoa miguu ya upande wa bondeni, na mtu mmoja akafa. Ribiti ndiye aliyeiandika, akiinukuu ripoti ya uchunguzi. Rula, kama katibu wa kumbukumbu, alitakiwa kutia sahihi.

Dereva huyo alikuwa Irvin Oldroyd, baba yake.

Inafaa kueleza habari ya miguu, maana ndiyo kesi yenyewe. Kreni ya namna hii ina mihimili minne ya chuma iliyolala tumboni mwake, miwili kila upande. Kabla ya kuinua mzigo, wafanyakazi huivuta nje na kuipangia magogo chini, ili kreni isimame kama mtu aliyetanua miguu. Bila miguu hiyo ni chombo kizito kilichosimama juu ya reli nyembamba. Irvin aliondolewa kwenye kreni na kupewa fagio la kuzoa majivu ya injini, na akalishika hadi kustaafu. Kila Jumapili, nyama ikishakatwa, alikuwa akitoa visu vinne kandoni mwa sahani yake, viwili huku na viwili huku, akavitazama, kisha akavirudisha. Wilfred alikuwa na miaka minane alipoanza kuviona visu hivyo, na thelathini na mbili alipoviona mara ya mwisho.

— Kwanza, alisema Mashaka huku akichovya kipande cha keki ya tangawizi, nani kawaambieni kwamba kreni iliyopinduka ndiyo hii?

— Namba ipo ubavuni, bwana, Ribiti akamjibu. Nenda ukasome.

— Namba ni kibati na skrubu nne. Kule karakana walikuwa wanabadilishana vibati kama watu wa harusini wanavyobadilishana makoti. Kreni mbili zinaingia, mbili zinatoka, hakuna ajuaye ipi ni ipi.

— Mimi najua.

— Wewe unajua ulichoambiwa na ami yako.

Birika alimjazia Mashaka kikombe ambacho hakikuwa kimepungua, na hiyo ndiyo njia yake ya kumwambia mtu anyamaze. Ami yake Ribiti, Jabez Tordoff, ndiye aliyekuwa msimamizi wa kikosi cha ajali siku ile Haggdale, na ushahidi wake ndio uliobeba ripoti nzima. Jambo hilo lilijulikana na kila mmoja benchini, na kwa miaka ishirini lilikuwa limeketi nao kama mtu wa tano asiyenywa chai.

Ili kupoza mambo, Birika alileta habari yake mwenyewe. Alisema mkwewe marehemu aliapa kwamba Seth Murgatroyd, yule mfunga minyororo aliyesemekana kufa katika ajali ile, alionekana mjini Whitby, pwani, mwaka sitini na moja akiuza samaki, mzima wa afya na mnene zaidi. Mashaka, ambaye hakuwa na imani na chochote, aliiamini habari hiyo papo hapo. Alidai kwamba basi ajali yote ilikuwa ya kutungwa. Behewa lililoinuliwa halikubeba mawe ya chokaa kama ilivyoandikwa. Lilibeba shehena ya serikali, vitu vizito kuliko mawe, na yule Seth alilipwa apotee kwa kuwa alikuwa ameifunga kwa mikono yake.

— Vitu gani? akauliza Ribiti.

— Ningevijua, mwenzangu, ningekuwa nauza samaki.

Wakacheka wote isipokuwa Rula. Yeye alikuwa akiipima dhana ile, maana ingawa ilikuwa ya kipuuzi, ilikuwa na huruma kwa baba yake. Alifungua daftari kwenye ukurasa aliouchakaza. Kibati cha uwezo kilichomo ndani ya kreni kina safu mbili: uzito unaoweza kuinuliwa miguu ikiwa nje, na uzito unaoweza kuinuliwa miguu ikiwa ndani. Kwa umbali uliokuwapo siku ile kati ya kreni na mzigo, safu ya kwanza inasema tani ishirini na sita, ya pili inasema tano. Behewa na mawe yake lilikuwa tani kumi na nne. Hata ukilitia shehena ya Mashaka na kuongeza nusu ya uzito, kreni yenye miguu nje ingebaki imesimama. Kwa hiyo iliyopinduka ilikuwa na miguu ndani. Alikuwa ameifanya hesabu hiyo mara nyingi, kwa penseli, kwa kikokotoo, na mara moja kwa kompyuta ya mjukuu wa Birika, na kila mara ilimpa jibu lile lile. Ripoti ingeweza kuwa ya uongo, na Jabez Tordoff pia. Kilichomnyima Rula usingizi ni kwamba hata hesabu yake mwenyewe ilimshitaki baba yake.

— Tia sahihi tu, Rula, Ribiti akasema kwa upole. Ni miaka mingi. Hatukuandika jina lake.

— Kelderby nzima inalijua jina lake.

— Basi unataka tuandike nini?

Rula aliuliza tena, kama alivyouliza kila mwaka tangu wajuane, kama haiwezekani kuivuta miguu ile ya upande wa bondeni waitazame. Ribiti alimjibu kama alivyomjibu kila mwaka, kwamba miguu yote minne imeganda kwa kutu na kwamba ukiilazimisha utapasua fremu. Kwa habari ya chuma, hakuna mtu Kelderby aliyewahi kumtilia Ribiti shaka. Hata Mashaka hakuthubutu.

Hapo ndipo alipotokea Tamsin Hebden, muuguzi wa hospitali ya mjini, ambaye hiyo ilikuwa Jumatano yake ya kwanza. Tangu asubuhi alikuwa amepewa brashi ya waya na kuambiwa aisugue kreni ipakwe rangi kabla ya maonyesho. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni.

— Njoo unywe chai, mwanangu, Birika akamwambia. Umepaka rangi au umejipaka?

— Bado kupaka, mama. Nilitaka niulize kwanza. Ile mihimili ya tumboni, naipaka rangi na ndani, au inayoonekana tu?

— Inayoonekana tu, Ribiti akasema upesi. Haitoki hiyo.

— Mitatu imegoma, ni kweli. Ila mmoja umetoka.

Hakuna aliyetikisika. Tamsin, akidhani hawakumsikia, aliwaeleza kwamba ni ule wa nyuma, upande wa kulia, na kwamba aliuvuta kwa mkono mmoja ukaja kama droo ya kabati. Aliomba radhi ikiwa amekosea, kwa kuwa hakuna aliyemkataza. Aliongeza kwamba huo una namba zake peke yake. Mitatu imegongwa 11/39 kwenye ncha, nao huo umegongwa 4/55.

Rula alisimama, daftari likaanguka, naye hakuliokota. Alivuka reli ya pembeni bila kutazama huku wala huku, kosa ambalo kwa mwingine angeliandikia barua. Mguu ulikuwa nje futi tano, na tarehe ilikuwa pale, imegongwa kwa nyundo, wazi kama tarehe ya sarafu. Aliporudi benchini alizungumza polepole, kwa mpangilio, kama mtu anayeogopa kuruka hatua.

— Kreni ilipinduka upande wa kulia, ule wa bondeni. Ilipinduka Februari. Aprili ikawekewa mguu mpya upande wa kulia, mmoja tu. Mguu ukiwa ndani umezungukwa na fremu, unaweza kubingirika mlima mzima usipate hata mkwaruzo. Ili uvunjike, lazima uwe nje, na uwe umebeba mzigo. Hesabu zangu zote zilichukulia kwamba mguu ni mzima. Sikuwahi kuuliza ingekuwaje kama ungekuwa nje na ukavunjika.

— Au waliubadilisha kwa sababu nyingine, Mashaka akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu. Sijui. Kutu. Wizi.

— Mitatu ya mwaka thelathini na tisa ipo mpaka leo. Nani anaiba mguu mmoja wa kreni?

Mashaka akainamia keki yake. Birika alikuwa ameshika birika hewani bila kummiminia mtu. Ikabaki kwamba kila mmoja alitazama kitu fulani, reli, kikombe, viatu vyake, mradi asimtazame Ribiti.

— Ami yangu alisema alichokiona, Ribiti akasema. Alikuwa na familia.

Maneno hayo mawili hayakupatana, na yeye mwenyewe alionekana kulisikia hilo baada ya kuyatoa.

Tamsin alikuwa bado anajifuta mikono kwa kitambaa. Hakuwajua akina Jabez wala Irvin. Alijua mikono yake tu, na kile kilichokuwa juu yake.

— Samahani, hili ni swali la kijinga, akasema. Hii niliyojichafua nayo ni grisi, na ni mbichi. Mitatu ile ni mikavu kabisa. Huu mmoja, nani huwa anaupaka?

Treni ya saa tano iliingia jukwaani, ikashusha watu, ikaondoka. Rula alimtazama Ribiti kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, si usoni bali mikononi, mikono ya mtu ambaye amefanya kazi moja peke yake kwa miaka ishirini. Swali lilikuwa limeshaulizwa, tena vizuri kuliko ambavyo yeye angeweza.

Ribiti aliweka kikombe chini, akanyoosha mkono juu ya magoti ya Birika, kiganja wazi.

— Nipe hiyo karatasi ya kibao, Wilfred, akasema. Na penseli.